Amana ya Kisima cha Bi Lubaba

Wametuhadithia waliotutangulia kwamba, Alhamisi moja ya mwezi wa Shawwal, baada ya sala ya Alasiri, vumbi la jangwani likiwa limelifunika jua la Basra, mgeni aliyejiita Amiri Farrukhzad, mwana wa wafalme wa Khurasani, aliingia nyumbani kwa Bi Lubaba binti Dhakwan, mjane mcha Mungu mwenye mashamba ya mitende. Aliyemleta ni Abu Jahdar, mfanyabiashara wa hariri.

Amiri huyo alikuwa mzuri wa sura, mtamu wa maneno, na joho lake lilinukia ambari. Matajiri wa mji walikuwa wamekwisha kumkabidhi mali zao, naye amewaahidi kuzirudisha maradufu mwakani, akiiita nyongeza hiyo zawadi ya kifalme. Kwa hakika hakuwa amiri, wala mwana wa amiri.

Kabla ya chakula, mtumishi wa nyumba, mzee Nuaym, aliinama kuwanawisha wageni. Birika lilikuwa zito, mikono yake ikatetemeka. Papo hapo mgeni akalitegemeza kitakoni kwa kiganja, kama wafanyavyo wachukuzi wa maji, mpaka mzee akamaliza. Bi Lubaba aliliona hilo.

Wakati huo maskini wa mtaa wake walikunywa maji ya chumvi, naye kwa miaka mingi alikuwa akiweka akiba ya kuwachimbia kisima.

“Mpe, Bibi,” alihimiza Abu Jahdar. “Tende zako zitakuzalia nini zaidi ya kokwa?”

“Ewe Abu Jahdar, huko kuzidishiwa ni riba iliyovikwa joho. Siitaki.” Kisha akamgeukia mgeni. “Lakini kesho kutwa natoka kwenda Hija. Fedha za kisima hizi hapa. Nishikie, mwanangu, ziwe amana. Faida sitaki.”

Akaufunga mfuko kwa ukindu mbele ya macho yake, akamkabidhi.

Aliporejea mwezi wa Safar, alimkuta mtu yule mlangoni, amevaa nguo ya kitani, mfuko mkononi, fundo halijaguswa.

“Hukuondoka?”

“Farasi nilimtandika siku ile ile, ewe Mama, nikashindwa kumpanda. Wale walinipa wakiitamani mali yangu, nami nikala yao bila haya. Wewe ulinipa hukutaka kitu. Mimi si amiri. Ni Sabiq, mwana wa mchukuzi wa maji wa mji wa Kufa.”

“Nilijua tangu uliposhika birika.”

“Ukaniamini?”

“Huruma yako ilimfikia Nuaym kabla hujaukumbuka uamiri wako. Mwenye huruma ile ndiye niliyemkabidhi.”

Sabiq akalia. Akauza joho na farasi, akawarudishia matajiri rasilimali zao. Zilizopunguka akazilipa kwa ujira wa kuchimba kisima kile kile.

“Na maradufu yangu?” alilalamika Abu Jahdar.

“Maradufu yako, mzee wangu, ilikaa ulimini mwangu tu. Mfukoni haikupata kuingia.”

Na tuzingatie, ndugu zangu. Bi Lubaba, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliweza kumfedhehesha mja huyu mbele ya mji mzima. Akachagua kumsitiri na kumwamini, na kwa sitara hiyo mja akarejea kwa Mola wake. Maji matamu yalipobubujika, mzee Nuaym aliteremsha kamba kupima kina alichochimba Sabiq kwa mikono yake: dhiraa arubaini na moja.