Samahani Mama, Nimekufananisha

Palikuwa na mama mmoja, katika mji mmoja wa baridi kali, ambaye shughuli ya kanisa haikwenda bila yeye. Kila Jumamosi saa sita mchana, yeye na wenzake walikwenda stendi ya zamani kuwapakulia wali na maharage watu wasio na makazi, wale wanaolala vibarazani, na kuwagawia nguo za mitumba zilizofuliwa na kupigwa pasi. Zilipigwa pasi, jamani! Sisi tungewatupia kiroba tukaondoka. Simsemi vibaya yule mama. Alipakua kwa upole kabisa: "Karibu baba. Karibu mwanangu, umeamkaje?"

Ila alikuwa na jambo lake. Alipohamia mji ule aliwaambia wenzake kwamba kwao yeye ni mtoto wa pekee. Uongo mtupu. Alikuwa na kaka yake mkubwa, aliyeacha shule ili yeye asome, akapasua mbao msituni miaka saba mpaka mdogo wake akavaa joho. Baadaye pombe ikamkamata yule kaka, akapoteza mke, akapoteza nyumba. Dada mtu akaona aibu. Akabadilisha namba ya simu, na kwao akaacha kwenda. Miaka ikapita, na uongo ukishakaa miaka utaanzia wapi kuutengua?

Basi Jumamosi moja anapakua, anainua macho, kaka yake huyu hapa! Amekonda, koti limechanika begani, ndala za miguuni hazifanani. Na pembeni ya yule mama yuko mke wa mchungaji, anagawa sweta.

"Mdogo wangu," kaka akasema kwa sauti ya chini, "nina neno na wewe. Dakika mbili tu."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usijibu haraka.

"Mzee, shika sahani yako," mama akasema, macho kwenye sufuria. "Watu wanasubiri nyuma yako."

"Sikufuata chakula."

Mke wa mchungaji akageuka. "Kwani mnafahamiana?"

"Hata! Simjui. Atakuwa amenifananisha."

Kaka akamtazama. Angeweza kumuumbua pale pale, mbele ya watu wote, kwa kutaja tu jina la baba yao. Akainamisha kichwa. "Kweli mama," akasema. "Samahani, nimekufananisha." Akairudisha sahani mezani, akaenda zake. Mke wa mchungaji alimkimbilia na sweta, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Yule mama alipakua mpaka sufuria ikaisha. Alijiambia Jumamosi ijayo atamvuta kaka yake pembeni, amsikilize, yaishe. Jumamosi ikaja, kaka hakuonekana. Ya pili, wapi! Akaanza kuzunguka vibarazani akimuulizia, huku akiwadanganya wenzake kwamba anampelekea mgonjwa uji.

Wiki ya tatu, sokoni, akakutana na bibi mmoja wa kijijini kwao. Bibi akaweka chini kapu lake la viazi, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana mwanangu kwa msiba wa mama. Tuliambiwa ulitafutwa hukupatikana."

"Mama yupi?"

"Mama yenu, mwanangu! Alilala wiki mbili kitandani anakuita wewe. Tukamtoa kaka yako kilabuni tukamtuma, akaja huku kwa miguu. Akarudi peke yake."

"Alisemaje?"

"Alisema amezunguka mji mzima hajakuona. Mama yenu akasema msimlaumu, mji ni mkubwa. Kesho yake akafariki."

"Na kaka yuko wapi?"

Bibi akamshangaa. "Si yuko kwako? Tulipotoka makaburini hatukumwona tena. Tulijua amerudi huku kukutafuta, akakupata."

Sasa ndugu zangu, tugeukie kwetu. Sisi tunapika. Sisi tunafua sweta za watu, na ni kazi njema. Jumamosi hii tunakwenda tena, asije mtu akasingizia mahubiri haya ili abaki kitandani! Lakini niwaulize, kwa nini yule wa stendi tunampenda kirahisi hivi? Si kwa sababu hajui tulikotoka? Tunampa sahani, anashukuru, tunarudi nyumbani tumeshiba sifa. Wa kwetu anajua nani alitusomesha. Wa kwetu akibisha hodi, tunamtuma mtoto akaseme baba hayupo. Tena inauma zaidi kwamba wengi wao wanajua tupo ndani, na wakirudi kijijini wanatusitiri.

Yule mama bado anapakua kila Jumamosi, nasikia. Anatazama kila uso. Wanapita wengi, na hakuna hata mmoja aliye wake.

Amina zenu leo sizitaki. Nataka kila mmoja wetu aniambie: yule ndugu yako ambaye hapa kanisani hatujawahi kumsikia ukimtaja, leo amekula nini?