Mtungi Ulionguruma Jabalini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kupika kwenye mafiga, aliishi Pimbi mmoja jabalini, jina lake Kirumbi. Mkewe aliitwa Mwanate. Kitinda mimba wao, Mbeyu, alikuwa amechukuliwa na Chui mchana kweupe, akicheza mlangoni.

Tangu siku ile Kirumbi alikuwa na kazi moja tu. Aliokota mianzi, makuti na kamba. Akawamba ngozi kwenye mdomo wa mtungi mkubwa, akauunganisha kwa kamba na gurudumu la mianzi lenye mabawa ya makuti.

Nyani, jirani yake, akaja kuchungulia.

"Jirani, mashine hiyo inasaga unga?"

"Haisagi."

"Inachota maji?"

"Haichoti."

"Sasa inafanya nini?"

"Inanguruma," alisema Kirumbi.

Nyani akacheka hadi akakaa chini. "Mwanate, shemeji, mumeo amepotewa na akili!"

Mwanate akaendelea kufagia ua.

Lakini upepo ulipovuma, gurudumu lilizunguka, kamba ikakwaruza ngozi, na mtungi ukatoa sauti: Ngrrruuum! Ndege wakatawanyika. Nyani akaruka kando, kisha akacheka tena.

Siku moja adhuhuri, upepo ukakatika. Hata jani halikutikisika. Ndipo Chui akapanda jabali, taratibu, tap, tap.

"Pimbi! Nipe mtoto mwingine, niondoke bila fujo."

Watoto wakajikunyata pangoni. Kirumbi akatoka.

"Karibu, mzee. Ila tuongee polepole. Nina mgeni, amelala nyuma ya jiwe hili."

"Mgeni gani?"

"Sijui kabila lake. Ni mkubwa tu."

"Mwamshe nimwone!"

"Kama ni amri yako, mzee."

Kirumbi akaenda nyuma ya jiwe. Akalikamata gurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akalizungusha. Mianzi ikamkata viganja. Akazidi kuzungusha.

Ngrrruuum!

Chui akarudi nyuma hatua moja. "Mbona hatoki?"

Hapo Mwanate akapaza sauti kutoka pangoni: "Baba Mbeyu! Kwa nini umemwamsha? Jana si alisema amechoka na nyati, anatamani nyama yenye madoa?"

Ngrrruuum! Ngrrruuum!

"Aa, mimi nilikuwa napita tu!" alisema Chui. Akaruka kichaka, akaruka korongo, prrr! Hakuonekana tena upande ule.

Watoto wakashangilia. Lakini mtungi haukunyamaza. Mwanate akazunguka jiwe, akamkuta mumewe bado anazungusha, damu ikitiririka mpaka viwikoni.

"Ameshaondoka, baba Mbeyu."

"Najua."

"Basi acha."

"Laiti ningewahi kuunda mtungi huu, Mwanate. Kabla ya siku ile. Ningewahi tu kidogo."

Mwanate akamshika mabega, naye Kirumbi akalia, kilio alichokibana muda wote ule.

Nyani alikuwa amesikia kila kitu kutoka juu ya mwamba wake. Akashuka, kichwa chini, akalishika gurudumu.

"Kaoshe mikono, jirani," alisema. "Leo nitakaa hapa mimi."

Basi, wanangu, msimcheke mtu kwa kitu anachokiunda, kabla hamjajua anamlinda nani.