Valvu ya Akina Mama wa Makambako

“Maji yasiyo na pa kurudi hupasua mpira.”

Bibi Atuganile aliitamka methali hiyo mezani, na wajukuu wakaacha kula. Walitaka kujua imetoka wapi.

Methali hii ilianza hivi, akasema.

Akina mama wa Makambako walikuwa na mashine moja ya kuoshea malori. Valvu yake, ile inayoyarudisha maji tangini bastola ikifungwa, ilikufa. Ukiachia kifyatuo cha bastola ya kurushia maji, pampu inatetemeka kama yenye degedege. Basi wakaikaza bastola ibaki wazi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, maji yakawa yanamwagika hata wakati wa kupaka sabuni. Mtaa mzima ukakauka. Mtendaji wa mtaa akaja, akatazama mfereji, akasema, “Jumatatu nikikuta maji yanatiririka bila kazi, nafunga hapa.”

Familia kumi na moja zilikula kupitia mashine ile.

Jumamosi mwenyekiti wao, Mama Ngailo, akaenda dukani pamoja na Tusekile, binti mpole aliyesomea ufundi chuoni na ambaye sauti yake ilisikika kwa shida. Muuzaji akaweka valvu mbili mezani.

“Kubwa hii inabeba presha mia tatu,” akasema. “Dume!”

“Pampu yetu ni mia na hamsini,” Tusekile akasema taratibu. “Lita kumi na tano kwa dakika. Imeandikwa kwenye kibati chake. Hii ndogo ndiyo saizi yake.”

“Binti, unanunua valvu au unamchagulia mtoto viatu?”

Mama Ngailo akacheka. “Mwanangu, kubwa haidhuru. Tunachukua hiyo.”

Tusekile akairudisha ile ndogo kwa muuzaji. Usiniulize kwa nini. Wapole wengi hunyamaza pale wanapojua zaidi.

Wakarudi, wakaifunga kwenye mashine. Mama Ngailo akashika bastola mwenyewe, akaosha tairi, kisha akaachia. Valvu ile kubwa ilikuwa ikingoja presha ambayo pampu haikuumbwa kuitoa, ikakataa kufunguka. Maji yakasukumana mle ndani, mpira wa maji ukapasuka paa! Mwenyekiti akalowa kuanzia kilemba hadi kandambili.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama Ngailo akaketi juu ya ndoo. “Nimewaua,” akasema. “Tafuteni mwenyekiti mwingine.”

Hapo ndipo Tusekile alipopata sauti.

“Mama, simama. Mpira tutakata palipopasuka, tuunge. Hiyo ndogo bado iko dukani. Twende wote, turudishe hii kubwa, na wewe ndiye utakayeidai ile.”

“Baada ya kukucheka vile?”

“Tulienda wawili, Mama. Turudi wawili.”

Mama Ngailo akakamua kilemba chake na kutangulia njia.

Jumatatu mtendaji alipofika, Tusekile alipewa bastola. Akaosha lori lililojaa tope la Ludewa, kisha akaachia. Halikudondoka hata tone. Ndani ya valvu maji yaligeuka, yakarudi tangini yakinong'ona, na pampu ikatulia.

“Nani fundi wenu?” mtendaji akauliza.

Mama Ngailo akamshika Tusekile mabega, akamsogeza mbele ya watu wote. “Huyu hapa. Alijua kuyarudisha maji, na mimi pia akanirudisha. Andika jina lake, bwana, na uliandike vizuri.”

Bibi Atuganile akaweka kijiko chini. Halafu akamgeukia mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa ameapa asubuhi ile kutomsamehe ndugu yake hata akiomba.

“Sasa umesikia,” akasema. “Maji yasiyo na pa kurudi hupasua mpira.”