Kwa Nini Fundi Hutangulia Kukaa Kwenye Kiti cha Rubani

Nawasikia mnavyonung'unika, marubani wangu. Mmeshavaa, mmeshafunga kofia, ndege imejaa mafuta, halafu fundi mwenye mikono ya grisi anapanda kabla yenu, anakaa kwenye kiti chenu na kukodolea macho anga kama mtu asiye na kazi. Mnasema tunawadharau. Haya, kaeni hapo kwenye magurudumu, ukungu wenyewe bado mzito, niwaambie jambo hili lilitoka wapi. Nawe unayecheka huko nyuma, cheka sasa hivi umalize.

Hapo kale, ndege za kwanza zilipofika katika milima hii ya baridi, anga halikuwa na mwenyewe. Nchi yetu na nchi ya ng'ambo ya ziwa zilikuwa vitani, lakini vita vilikuwa chini. Ndege zilibeba macho tu. Rubani alipaa, akatazama majeshi ya adui yako wapi, akarudi kusema. Marubani wa pande mbili wakikutana huko juu walipungiana mikono, kila mmoja akashika njia yake. Inasemekana ukizima injini juu ya mawingu ulisikia majogoo wa nchi zote mbili wakiwika pamoja, usijue yupi ni wa kwenu. Yalikuwa mambo ya ajabu, kama ndoto ya alfajiri.

Kisha siku moja mtu akapaa na bastola. Nani alianza? Kila nchi inasema ni yule mwingine. Baada ya bastola ikaja bunduki ya rashasha, na baada ya rashasha ikatengenezwa ndege isiyobeba macho wala mzigo, nyembamba, yenye hasira, ya kazi moja tu: kuzifukuza ndege nyingine. Hiyo ndiyo ndege ya kivita. Hapo ndipo watu walipogundua jambo ambalo hawakulifikiria, kwamba aliyelishika anga ameshika na ardhi iliyo chini yake.

Mwaka huo anga lilishikwa na wale wa ng'ambo. Walikuja asubuhi kutoka upande wa jua, kwa sababu hakuna jicho linaloweza kulikazia jua. Walizishukia ndege zetu kabla hazijajua lolote, na nyuma yao zikafuata zile kubwa za mabomu, taratibu, bila wasiwasi. Bonde lote likakosa mchana. Malori hayakutembea. Mahindi yalikauka shambani yakaanza kuoza, maana hakuna aliyethubutu kuvuna nje peupe. Watoto walilala njaa na chakula wanakiona kwa macho. Inauma hata kuisimulia.

Sisi tulibakiwa na ndege sita za kivita, na rubani mmoja aliyesifika kwa macho yake, kijana aitwaye Ambakisye. Yeye aliiona ndege ya adui wakati wenzake bado wanaona buluu tupu. Wote walimtegemea awaonyeshe hatari inatokea wapi. Alikuwa mpole mno, mtu wa kuogopa kumsumbua mwenzake.

Fundi wake aliitwa Sekela, mwanamke mkali, asiyependa mchezo. Kila alfajiri alikifuta kioo cha ndege ile kwa kipande cha kitenge kilichochakaa hadi kikawa laini, kwa sababu kule juu chembe moja ya vumbi kwenye kioo na ndege nzima ya adui ni vitu vinavyofanana. Hakumruhusu mtu mwingine akiguse. Alimpenda kijana yule kama ndugu yake wa tumbo moja, na hakuna alichokiomba isipokuwa arudi mzima.

"Kama kuna kitu kinakusumbua, sema," alimwambia kila alipokuwa akimfunga mikanda.

"Hakuna, dada. Kioo kiko safi kabisa."

Siku hizo kulikuwa na mwiko. Fundi hakukaa kwenye kiti cha rubani. Walisema fundi akikikalia, ni kama amekalia kaburi la rubani wake. Sekela aliuheshimu mwiko. Alisimama juu ya bawa, akafuta nje, akapenyeza mkono akafuta ndani, akashuka.

Na kioo kile kilikuwa na doa. Upande wa kushoto, juu, kwa ndani, tone la gundi lililokauka, dogo kama punje ya ulezi. Ukiwa nje hulioni, maana nyuma yake kuna kiti cheusi. Ukikaa ndani, nyuma yake kuna anga, na doa liko wazi. Ambakisye aliliona siku ya kwanza. Alilisugua kwa kidole cha glavu, halikutoka. Akamtazama Sekela pale chini, amejishika kiuno kwa kuchoka, akaona aibu kumpandisha tena kwa kitu kidogo hivyo. Akaliacha. Baada ya mwezi alikuwa amelizoea.

Asubuhi moja ndege zote sita zilipaa. Mawingu yalikuwa yametanda chini yao, meupe, kimya, na jua lilikuwa likipanda polepole. Ambakisye aliiona ile punje, kushoto, juu, mahali pake pa siku zote, akageuza macho kwingine. Nyuma ya ile punje, katika mstari uleule, adui alikuwa akishuka.

Aliirudisha ndege, sijui kwa nguvu gani. Sekela alifika wa kwanza, akakuta damu mpaka kwenye mikanda.

"Nilidhani ni lile doa, dada," alisema Ambakisye.

"Doa gani?"

Ambakisye alikufa mikononi mwake.

Walipomwondoa, Sekela alipanda, akaingia, akakikalia kile kiti chenye damu. Watu wakapiga kelele, mwiko, mwiko! Hakuwasikia. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza akaliona anga kama Ambakisye alivyoliona. Akalikwangua doa kwa ukucha. Likatoka mara moja. Jamani, alilia mwanamke yule.

"Amenihurumia," alisema. "Amekufa kwa kunihurumia mimi."

Alipomaliza kulia alizikalia na zile ndege tano zilizobaki, moja baada ya nyingine. Hii ina ufa mdogo, ile ina bomba linaloziba pembe ya kioo, nyingine kioo cha kutazamia nyuma kimepinda. Marubani wote walijua, wote walikuwa wamezoea. Sekela akavirekebisha vyote. Zilipopaa tena waliwaona wale wa ng'ambo wakiwa bado mbali, wakawahi kupanda juu yao na kuliweka jua mgongoni. Baada ya wiki chache ndege kubwa za mabomu ziliacha kuja. Bonde likavuna mahindi yake mchana kweupe, na Sekela akakaa kwenye kila kiti mpaka vita vilipokwisha.

Tangu asubuhi ile, fundi hutangulia kukaa na rubani husubiri chini. Na fundi akishashuka humuuliza rubani swali moja: "Ni kitu gani umekizoea?" Lazima akitaje, hata kiwe kidogo namna gani. Rubani akisema hana la kusema, tunazima injini, na siku hiyo haruki.