Ukili wa Bi Riziki

Ukili wa mgonjwa haufumuliwi. Mmelisikia neno hili mkacheka, wajukuu zangu, mkauliza mgonjwa na ukili wapi na wapi. Basi tulieni, maana methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Huko Pemba palikuwa na msukaji mikeka, Bi Riziki. Kwa wasukaji, mkono wa mtu hujulikana kama sura yake: ukionyeshwa ukili, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, unasema huu wa fulani, huu wa fulani. Wa Bi Riziki ulinyooka, ukakazana, hauna pengo. Bintiye wa pekee, Mize, alijifunza ubavuni pake akatoka fundi kama mama.

Mwaka mmoja Bi Riziki alishikwa na homa, ikapanda kichwani. Siku kumi na moja hakufumbua macho. Alipofumbua, hakumjua Mize, wala hakusema neno. Daktari hakuficha.

"Ubongo umeumia," alisema. "Huenda akarudi, huenda asirudi. Anayemuuguza awe na subira."

Mize alimlisha mama, akamwogesha, akamgeuza asipate vidonda. Kwa hayo hapana wa kumlaumu. Subira ndiyo iliyompungukia.

Mwezi wa tatu wa ugonjwa, mama alinyoosha mkono kwenye miyaa, yale majani ya kusukia, akaanza kusuka. Mize alilia kwa furaha. Kisha akautazama ule ukili: umepinda, una mapengo, hata mtoto anayeanza kujifunza angeuonea haya. Na kila jioni majirani walikuja kumtazama mgonjwa. Wataona, Mize alijisemea, na watasema Bi Riziki kwisha habari yake.

Basi kila mama alipolala adhuhuri, Mize aliufumua ukili akausuka upya, ukanyooka. Majirani wakaja, wakasifu: "Mashaallah, mkono haujapotea!" Mize akajiona anamsitiri mama yake. Mapenzi yalikuwapo, siwadanganyi, ila yalichanganyika na haya.

Zikapita wiki mbili. Siku moja mama aliamka, akauchukua ukili, akaupitisha vidoleni toka mwanzo hadi mwisho. Akaurudia. Kisha akaanza kupekua, chini ya mkeka, nyuma ya mto.

"Watafuta nini, mama?"

Bi Riziki akafumbua kinywa. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu homa.

"Wangu."

"Si huo hapo mkononi? Huo ndio wako."

Mama akatikisa kichwa. "Huu wako," alisema. "Wangu u wapi?"

Kumbe mama alikuwa akijua. Siku zote zile aliamka akakuta kazi yake haipo, na hakuwa na maneno ya kuuliza.

"Nisamehe, mama. Niliufumua. Ulikuwa umepinda."

Bi Riziki akauweka ukili chini taratibu, akageukia ukutani.

Toka siku ile, Mize alimwekea miyaa kila asubuhi. "Suka utakavyo, mama. Wallahi siugusi." Mama hakushika hata mmoja. Aliishi miaka sita, akaweza kutembea hadi uani, akasema maneno mawili matatu, lakini kusuka hakusuka tena. Pengine vidole visingerudi hata angeachwa. Mize hakupata kujua, na kutojua huko kulimla mpaka uzeeni.

Mama alikuwa amekwisha kuzikwa pale mume wa jirani yake Bi Chumu alipopatwa na kiharusi. Mize alikwenda kumtazama, akamkuta Bi Chumu anampokonya mumewe kijiko.

"Lete nikulishe, wajimwagia uji!"

Mize akamshika mkono. "Mwache ajimwagie."

"Na watu wakimwona hivi?"

"Wamwone. Mimi nilimficha mama yangu watu wasimwone, nikamfichia na yeye mwenyewe kazi yake."

Bi Chumu akakirudisha kijiko. Mzee akakishika kwa mkono unaotetemeka, uji mwingi ukaenda kifuani na kidogo kinywani. Mize alimtazama akimeza, machozi yakamtoka bila kuyafuta.

"Ukili wa mgonjwa, dada," alisema, "haufumuliwi."