Maombi Yaliyotaja Kila Kitu Isipokuwa Jina

Ndugu zangu, kabla sijafungua neno la leo nitawapa mfano. Nitausimulia taratibu, maana hata mimi nilipokuwa nauwaza, mwili ulinisisimka.

Katika mji mmoja wenye mahakama palikuwa na ofisi ya wakili, na ndani ya ofisi hiyo alikuwemo karani, mama mcha Mungu, mwenye mdomo uliofungwa kuliko makabati aliyoyatunza. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya ofisi ile alikuwa yeye. Talaka za watu, watoto wa nje, wosia wa wazee ambao bado wanatembea kwa miguu yao, vyote vilipita mikononi mwake. Hakumwita mteja kwa jina mbele ya wateja wengine, alimwendea, akamwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Karibu, zamu yako." Karatasi zilizoharibika alizichoma mwenyewe nyuma ya ofisi, akasimama pale mpaka zikawa majivu. Mumewe akimwuliza, "Leo kazini kulikuwaje?" anajibu, "Kazini kulikuwa kazini." Mpaka yule bwana akawa anawatania rafiki zake kwamba wao wameoa wanawake, yeye ameoa sefu.

Mnacheka. Chekeni sasa hivi, maana huko mbele hamtacheka.

Siku moja akaingia mama kijana, jicho moja limevimba hata halifunguki. Mgongoni amebeba mtoto mwenye pumu, unamsikia anavyohema tangu mlangoni. Alikuwa amemkimbia mume anayempiga, na alitaka jambo moja tu: mahakama imwachie mtoto, wakae mahali pasipo na kipigo. Wakili, mama mtu mzima mwenye subira, alimwuliza maswali yote yanayotakiwa. Alipomwuliza anakaa wapi, yule mama aligeuka kwanza akautazama mlango. Ndipo akasema, polepole, na karani akaandika.

Wakati wa kutoka akamshika karani mkono.

"Dada yangu, niliyoyasema humu yatabaki humu? Yule mtu akijua nilipo, nimekwisha."

"Mama, ondoa shaka," karani akamjibu. "Humu neno likiingia halitoki. Hata baba watoto wangu hajui ninachoandika."

Je, alidanganya? Hata kidogo! Jioni ile hakumwambia mumewe, wala dada yake, wala jirani. Lakini ile sura iliyovimba ilimwandama. Alikuwa anapika anaiona, anakunja nguo anaiona. Alimwonea huruma kweli, huruma ya mtu aliyezaa. Sasa niulize: mcha Mungu akilemewa na mzigo wa namna hiyo, anaupeleka wapi? Jibuni basi, si mnajua? Anaupeleka kwenye maombi.

Siku ya jumuiya ikafika. Walikutana kama kawaida sebuleni kwa mama mmoja, Biblia mapajani, birika la chai likichemka jikoni. Siku hiyo palikuwa na mgeni, baba wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, ameletwa na jirani yake. Alijitambulisha kwa jina la utani, lile analoitwa na wenzake kazini. Machozi yakimlengalenga akasema, "Wapendwa, nyumba yangu imevunjika. Niombeeni." Kila mtu alimsikitikia. Wakasimama kwenye duara, wakashikana mikono, na mgeni akaangukia upande wa karani.

Karani akafumba macho. Hapo ndipo kile kinywa kilichomshinda mumewe kikafunguka.

"Ee Baba," akaomba, "namleta kwako mama mmoja. Jina lake silitaji, Bwana, wewe unalijua. Amekimbia kipigo, Baba. Umfiche! Umfiche pale alipo kwa shangazi yake fundi cherehani, ng'ambo ya reli, nyuma ya mashine ya kusaga. Umkumbuke asubuhi, Bwana, shangazi akishakwenda sokoni, anapobaki peke yake na yule mtoto wa pumu. Funga macho ya mume wake, Baba, asijue!"

"Amina!" wakaitikia wote.

Wa kwanza kuitikia alikuwa mgeni. Tena aliubana mkono wa karani kwa nguvu, hata pete ikamuumiza kidole. Karani akafikiri ni upako.

Chai ilipoletwa, mgeni hakuwepo. Mwenye nyumba akatikisa kichwa, akasema, "Maskini, ameona haya." Wakanywa chai yao na mihogo, wakamaliza kwa wimbo. Karani alirudi nyumbani moyo mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu aione sura ile, alilala fofofo.

Kesho yake shangazi alipotoka sokoni alikuta mlango wake uko chini. Mpwa wake alikuwa sakafuni, katikati ya vitambaa vya wateja, mkono umevunjika. Mtoto hayupo. Na ile dawa yake ya kuvuta, ile isiyotakiwa kukaa mbali naye hata dakika, iko dirishani palepale ilipowekwa.

Oneni, ndugu zangu! Mtoto hayupo, dawa ipo!

Wakili alipopata habari alifunga ofisi, akaenda hospitali pamoja na karani. Walimkuta yule mama ameketi kitandani, hataki kulala, macho yako mlangoni. Alipowaona hakusalimia.

"Mama wakili," alisema, "nilipo nilikuambia wewe. Na huyu alikuwa anaandika. Shangazi yangu hajatoa neno. Nani mwingine aliyejua?"

Wakili akamgeukia karani, na hakumgeukia kwa shaka. Alimgeukia kama mtu anavyougeukia ukuta wa nyumba yake. "Huyu?" akasema. "Mwanangu, huyu hata kwa mumewe hasemi. Mtilie shaka mtu mwingine."

"Sijamwambia mtu yeyote," karani akasema. "Mungu ni shahidi."

Pembeni alikuwepo askari polisi, na shangazi alikuwa anamwonyesha kwenye simu picha ya harusi, ili mwanamume yule atafutwe na mtoto apatikane. Karani akachungulia. Bwana harusi, shati limenyooshwa vizuri, anatabasamu.

Alishika chuma cha kitanda, maana alikuwa ameshaushika mkono wa mtu yule. Alikuwa ameushika macho yakiwa yamefumbwa.

"Nilikuombea, mama," akasema. "Nilikuombea tu."

"Uliniombea wapi?"

"Jumuiyani. Jina sikutaja. Naapa, jina sikulitaja!"

Yule mama alimtazama kwa lile jicho moja lililokuwa zima. Hakulia, wala hakumtukana. Alimwuliza swali moja.

"Kwani Mungu alikuwa hajui ninapokaa?"

Wapendwa, ninyi mngemjibu nini?

Mtoto alipatikana siku iliyofuata kwa bibi yake mzaa baba, anahema kwa shida, lakini mzima. Mshukuruni Mungu. Ila mama yake alimwambia wakili aiondoe kesi, alifute jina lake, hataki tena kusikia neno mahakama. Na habari zikienea hazina breki: tangu hapo kila mwanamke mwenye jicho lililovimba aliipita ofisi ile akaenda zake, akarudi kulekule anakopigwa. Karani yule hakuuza siri. Hakusengenya. Alifumba macho akaomba, na hivyo ndivyo alivyomkabidhi mtu kwa adui yake.

Najua mnamwaza yule mgeni. Mnasema alikuja kupeleleza. Hapana. Alikuja kuombewa kweli, na yale machozi yalikuwa machozi. Aliingia na hasira yake na huzuni yake, na sisi tukamwonyesha njia. Nimesema sisi, na sikuteleza ulimi.

Maana sisi tunafanyaje? Tukilijua jambo la mtu, kwanza tunalifungia. Tunajisifu, mimi si mtu wa maneno. Halafu linatuwasha. Basi tunalivika kanzu nyeupe na kulitoa nje: "Tumwombee dada mmoja, sitaji jina, yule aliyefiwa majuzi, amepima na majibu si mazuri." "Tumkumbuke kijana mmoja wa kwaya, mnajua yaliyompata chuoni." Tunatuma kwenye kundi la simu na mikono miwili ya kuomba chini yake. Jina hatutaji! Tumetaja mtaa, tumetaja ugonjwa, tumetaja shangazi na saa anayokwenda sokoni, kisha tunajipongeza kwamba jina hatukutaja. Nani hapa anahitaji jina?

Mtu akikupa jambo lake hakukupa mahubiri, hakukupa ushuhuda. Amekupa mlango wa nyumba yake. Ukitaka kumwombea, nenda chumbani, jifungie, mwambie anayejua tayari.

Sasa kwenye ratiba yetu kinafuata kipindi cha mahitaji ya maombi, na ninaona wengine mmeshaanza kusogea kwenye kipaza sauti. Rudini mkaketi. Leo nakizima. Kila mmoja aombe moyoni mwake, midomo imefungwa. Yule unayetaka kumwombea huenda ameketi mbele yako, na yule anayemtafuta huenda ameketi nyuma yako.

Tuinamishe vichwa.