Ngazi ya Kihenge cha Senzia

"Panya hana ngazi, hupanda ya mwenye nyumba." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mumewe hivyo, mkacheka bila kujua mnacheka nini. Basi kaeni, maana methali hii ilianza hivi, huko kwetu milimani Upare.

Senzia alikuwa fundi, na alijua kuwa ni fundi. Hilo ndilo lililomponza. Alichoshwa na panya waliokuwa wakila mahindi yake ndani ya nyumba, akajenga kihenge uani juu ya nguzo nne ndefu. Kila nguzo aliivisha bati laini, panya akilipanda ateleze aanguke. Majirani walikuja kutazama, naye akawatangazia kuwa panya wa nyumba hii sasa watahama au watafunga. Humo kihengeni akaweka mbegu yote ya mwaka.

Baada ya mwezi mbegu ikaanza kupungua. Senzia alikagua nguzo zake, akakuta bati halina hata mkwaruzo. Kwanza akamlaumu paka. Kisha, kwa kuwa fundi hakosei, akamgeukia mkewe, Nakiete, akadai kwamba anawapelekea ndugu zake mbegu. Akamwambia kuwa mvua ikikuta kihenge kitupu, arudi kwao. Nakiete aliumia sana, kwani hakuwahi kuchukua hata punje moja.

Hakubishana. Jioni alichota majivu jikoni, akayanyunyiza chini ya nguzo zote nne. Mengine akayamwaga kwenye vidato vya ngazi, ile ambayo mumewe aliiacha imeegemea kihenge siku zote. Asubuhi akamwita.

"Baba Mbonea, sijakuita unisamehe. Nimekuita uone."

Senzia akainama. Majivu ya chini ya nguzo yalikuwa vilevile. Kwenye ngazi, kila kidato kilijaa alama za vijiguu, vingine vikipanda, vingine vikishuka.

"Ngazi ni yangu," akasema mwishowe.

"Ni yako," Nakiete akajibu. "Panya hana yake."

Senzia alimwomba mkewe radhi mbele ya majirani walewale aliojigamba kwao, jambo lililomtoa jasho kuliko kujenga kihenge. Tangu hapo kila akishuka aliilaza ngazi chini. Mbegu iliyobaki ilitosha, na mvua iliponyesha walipanda pamoja, yeye na Nakiete.

Hata alipozeeka, mgeni akikisifu kihenge chake, Senzia alimkatiza akacheka: "Usinisifu mapema. Panya hana ngazi. Hupanda ya mwenye nyumba."